Shakwe wa Nyabasiri

Jalada lilifunguliwa kwa ajili ya injini. Juu yake, kwa wino wa bluu, askari wa zamu alikuwa ameandika: upotevu wa injini ya mtumbwi, mali ya kiwanda cha minofu. Habari za mtu aliyekuwa akiiendesha zilikuja mstari wa mwisho, pale ambapo askari mwenye nafasi huandika kama kulikuwa na mvua.

Sajini Mashimba wa upelelezi alilisoma akiwa amesimama uani mwa kituo, mtumbwi wenyewe ukiwa mbele yake juu ya magogo mawili. Ulikuwa umekutwa umepinduka karibu na miamba, kaskazini ya Ilemela. Watu wawili walikuwa ndani yake: Zadok, nahodha, na Okech, binamu yake. Okech alitoka majini akiogelea. Zadok hakuonekana, na injini haikuonekana. Kiwanda kilipiga simu ya injini asubuhi ileile. Simu ya Zadok haikupigwa na mtu, maana mwalo wa Nyasenga, bandari ndogo ya wavuvi alikotoka, hauna simu. Waliahidiwa simu tangu enzi za ushirika, ushirika ukafa, ahadi ikazikwa nao.

Mashimba alichuchumaa nyuma ya mtumbwi. Akapitisha kidole kwenye ubao ambapo injini hubanwa.

"Koplo Selina, njoo uone."

Selina, msaidizi wake, aliinama. "Naona alama mbili za duara."

"Skrubu za injini. Kingo zake zikoje?"

"Safi."

"Okech ameandikisha kwamba wimbi liling'oa injini. Injini nzito vile ikinyofolewa na wimbi inaondoka na kipande cha ubao. Hapa hata ufa hakuna. Skrubu zimefunguliwa polepole, na mtu asiye na haraka."

"Labda wimbi lilikuwa na spana, afande."

"Labda," alisema Mashimba. "Tulitafute hilo wimbi."

Kwenye benchi la nje, Akelo alikuwa amekaa pale anapokaa kila anapokuja. Huyu ndiye mke wa Zadok. Nyasenga walimwita Mama Favour, kwa jina la binti yake. Tangu mume wake apotee alikuwa akitembea kutoka Nyasenga hadi kituoni, na kila alipofika aliambiwa kwamba gari la polisi halina mafuta. Mafuta yalipatikana siku meneja wa kiwanda alipotaka kwenda kuangalia mahali injini yake ilipozama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Mama Favour. Injini bado hatujaipata."

"Sijakuuliza injini."

Mashimba akakaa kando yake.

"Wazee wamekaa jana," Akelo alisema. "Jumamosi wanazika yago."

Mashimba alikuwa Msukuma, lakini alikuwa amehudumu Mara miaka ya kutosha kujua maana ya neno hilo. Wajaluo wa pwani ile, ziwa likimmeza mtu na kukataa kumrudisha, hawamwachi bila kaburi. Huchuma tunda la yago, refu, zito, linaloning'inia mtini kama mguu wa mtu mzima. Hulivika sanda, hulililia, hulizika kwa jina lake. Likishafukiwa, yule mtu amekufa. Hata akitokea kesho kwa miguu yake miwili, lango la nyumbani kwake si lake tena. Na mke wake anarithiwa na ndugu.

"Atakayekurithi ni nani?"

"Okech. Ndiye wa karibu."

Selina, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama Mashimba. Mashimba hakumtazama.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema Zadok hajafa. Wao wanasema ni uchungu unaongea. Sawa, labda ni uchungu." Alikuwa akiongea taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Afande, Zadok alikuwa akirudi anazima injini mbali, anaacha mtumbwi uingie wenyewe, ili asimwamshe mtoto. Miaka yote nimemjua hivyo: injini inasikika, halafu kimya, halafu mlango. Siku hizi kukiwa kimya naamka. Natoka nje. Najua ni ujinga."

"Si ujinga."

"Kama amekufa niambie, nitamlilia mpaka sauti ikatike. Kama hajafa, wasimzike mume wangu angali anapumua. Nipe neno moja tu kabla ya Jumamosi."

Alipoondoka, Selina alisema, "Hii mbona imenyooka? Okech kamsukuma mwenzake majini. Anapata injini, anapata na mke. Na yago ni haraka yake ya kufunga mlango."

"Imenyooka sana," alisema Mashimba. "Nani yuko mahabusu kwa shauri hili?"

"Yule mzee wa kahawa. Sungusungu walimkamata na viatu vya Zadok."

Mzee Mbaruku aliletwa akiwa amevaa kofia yake ya kazi ya mkono, imekunjamana lakini safi. Alikuwa mtu wa Tanga. Reli ilimleta Mwanza akiwa kijana, na reli ilimtupa Mwanza akiwa na mvi, mwaka ule walipoitwa uwanjani kwa majina na kuambiwa kwamba wamepunguzwa, serikali inawashukuru. Tangu hapo alikuwa akiuza kahawa mwaloni Nyasenga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kunisalimu humu ndani. Wengine waniuliza uchawi niliusomea wapi."

Mashimba aliweka mezani jozi ya makatambuga, viatu vya kukata kwenye tairi. "Haya uliyapata wapi?"

"Juu ya mwamba, pale ulipopinduka ule mtumbwi. Upande wa nyuma, penye kijihori, maji yanapoingia kati ya mawe. Yamepangwa sawasawa, wallahi, kama ya mtu aliyeingia msikitini."

"Yalikuwa yamelowa?"

"Nyayo zina tope. Juu makavu."

"Na wewe ulifuata nini kwenye miamba alfajiri yote ile?"

Mzee alisita. "Nilimfuata ndege."

Selina alishindwa kujizuia. "Ndege za kubeba minofu zinatua uwanjani, mzee, si miambani."

"Cheka, binti yangu, wenzako pia walicheka. Shakwe. Si hawa wadogo wenu weupe wenye kichwa cha kijivu. Huyu ni wa kwetu, wa bahari ya chumvi. Mwili wa moshi, kichwa cheusi, nyuma ya shingo ana kola nyeupe, mdomo una ncha nyekundu. Nimekulia nao. Huku bara sijawahi kuona hata mmoja, na hakuna mtu niliyemuuliza aliyewahi kumwona."

"Amefikaje?"

"Mimi nimefikaje?" Mbaruku alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. Kisha akaishusha. "Asubuhi moja namimina kahawa, nikamwona amekaa juu ya gogo, peke yake. Nikamwaga kahawa yote mkononi mwa mteja. Tangu nipunguzwe nasema mwakani narudi Tanga. Mwakani haijafika. Basi nikawa kila alfajiri naenda kumtazama. Wewe ukiwa ugenini, akapita mtu wa kwenu, usingemfuata japo hatua mbili?"

Mashimba alifungua daftari. "Asubuhi ile uliona nini?"

"Nilikuwa juu ya miamba. Mtumbwi umeshapinduka, samaki wanaelea kila mahali. Wale weupe wadogo wamejaa, wanapigana. Wangu hayupo. Nikatupa macho mbali, nikamwona: anaruka chini kwa chini juu ya maji, nyuma ya mtumbwi mwingine wenye injini, kuelekea visiwani. Ameacha karamu nzima, anamfuata mtu mmoja."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Sungusungu wakaniambia, mchawi na ndege wako. Nikanyamaza. Mtu akikuita mchawi Usukumani, mwanangu, hubaki hai wa kujieleza."

Hilo Mashimba alilijua vizuri kuliko mzee. Aliamuru Mbaruku afunguliwe.

Mchana walikwenda Nyasenga. Moshi wa mafuta ya kukaangia ulikuwa umetanda juu ya mwalo. Suzana, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, alikuwa mbele ya karai lake akikaanga mapanki: vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya mashine kuchuna minofu. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa inapanda lori kurudi mwaloni, kwa watu waliomvua samaki huyohuyo. Na watu hawa wanaambiwa kwenye redio kwamba uchumi umefunguliwa.

"Mama Suzana, kuna ndege mmoja mgeni hapa. Mweusi kichwani, ana kola."

"Padri!" Suzana alipiga kofi. "Kwani ndege naye ana kesi? Tunamwita Padri kwa ile kola. Anatembea hivi, mikono nyuma, anaangalia nani hakwenda misa."

Wanawake wenzake wakacheka.

"Anakula wapi?"

"Huyo hapati kitu hapa. Hawa wadogo wakimwona wanamshukia wote, wanamdonoa, mpaka anahama. Aliishi kwa Zadok tu. Zadok akiwa bado kule nje anampigia mluzi, anamtupia matumbo upande wake peke yake. Ikawa kila mtumbwi wa Zadok unapokwenda, Padri yuko nyuma."

"Matumbo?" Mashimba aliuliza. "Mtumbwi wa kiwanda unatakiwa kuleta samaki mzima."

Suzana alirudi kwenye karai lake. Akageuza kichwa kimoja, akageuza cha pili.

"Afande, mimi nauza mapanki."

"Sijauliza unauza nini."

"Mabondo," alisema kwa sauti ya chini. Ni mifuko ya hewa iliyo tumboni mwa sangara, inayokaushwa na kupelekwa Mashariki ya Mbali, na inayotafutwa kuliko samaki mwenyewe. "Waliyatoa kulekule majini kabla ya kufikisha. Kila mtumbwi unafanya hivyo. Ukiwafunga hao, funga mwalo mzima."

"Sifungi mwalo. Tangu Zadok apotee, Padri mmemwona?"

"Hapa? Hata siku moja. Akina mama wa dagaa wanasema yuko Nyabasiri, nyuma ya kisiwa. Tunasema amehamishwa parokia."

Kicheko kikazuka tena. Mashimba alisubiri kiishe.

"Anakula nini huko Nyabasiri?"

Suzana alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Mwiko ukabaki hewani.

"Mama Suzana," alisema Mashimba, "hili tuliache hapa kwenye karai."

Okech walimkuta kwenye boma la Zadok, akiwaonyesha vijana mahali pa kuchimba. Alikuwa kijana mrefu, mwenye macho yaliyopumzika. Mashimba alimwita kando, chini ya ukuta wa ghala, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa, afande. Ziwa ni ziwa."

"Nisaidie kitu. Siku ile Zadok alivaa nini?"

"Shati la kaki. Suruali ya kukunja."

"Miguuni?"

Okech alitabasamu kidogo, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Afande, wewe ni mtu wa ng'ombe. Hakuna anayepanda mtumbwi na viatu. Ni mwiko. Mtu hata akiwa amelewa, mguu ukigusa mtumbwi mkono umeshavua."

"Kwa hiyo aliviacha hapa mwaloni?"

"Hapahapa. Mimi mwenyewe nilimwona akivivua."

Mashimba alitoa makatambuga kwenye mfuko, akayaweka chini katikati yao. Okech aliyatazama. Macho yake hayakuwa yamepumzika tena.

"Haya yalikutwa kwenye mwamba," alisema Mashimba. "Na wewe umeandikisha kwamba mtumbwi ulipinduka katikati ya maji."

"Yule mzee mswahili aliyaiba hapa."

"Mzee alionwa na sungusungu akitoka miambani nayo, kabla wewe hujafika mwaloni kupiga ukunga. Aliiba saa ngapi?"

Okech aliwageukia vijana. Vijana walikuwa wakichimba. Sauti ya sururu ilikuwa ikifika moja moja.

"Naweza kukushtaki kwa mauaji," alisema Mashimba.

"Mwili uko wapi?"

"Unauliza kama mtu anayejua jibu."

"Andika unachotaka, afande." Okech alisimama, akapangusa suruali. "Jumamosi tunazika. Karibu ule."

Walipofika kwenye gari Selina alikuwa amekunja uso. "Huyo ni muuaji."

"Muuaji akioneshwa viatu vya marehemu anaogopa maiti. Huyu aliogopa viatu." Mashimba aliyageuza yale makatambuga mkononi. "Hebu nifuatilie. Zadok alikuwa nayo ndani ya mtumbwi, yamefungwa mahali. Wamefika miambani, wamefungua injini. Ni mzigo, na ile miamba inakata. Akavaa. Akabeba injini mpaka kule nyuma, kwenye kijihori. Halafu akayavua, akayapanga. Kwa nini mtu avue viatu pale?"

Selina alifikiri. "Alikuwa anapanda mtumbwi."

"Mtumbwi wa pili. Mkono ulivua wenyewe, kama alivyosema Okech. Akayasahau. Mtu anayepanga kufa majini angepanga vyote, lakini mkono wake haukuwa kwenye mpango."

"Kwa hiyo yuko hai."

"Sijui. Alikuwa hai alipovua viatu. Labda Okech alimmaliza baadaye, labda amejificha. Ninachojua ni kwamba kuna ndege mmoja asiyekula ila kwa mkono wa mtu mmoja, na bado anakula."

Meneja wa kiwanda alikuwa amejitolea boti ya mwendo kasi na vijana wanne wenye marungu. Mashimba alishukuru, akasema ataitumia wiki ijayo. Alikwishaona upelelezi unaokwenda kwa boti ya mwenye mali: mali hurudi, na mtu hubaki majini. Ijumaa alipanda mtumbwi wa akina mama wa dagaa, yeye na Selina, wamevaa kiraia. Mzee Mbaruku alikuwa ameshakaa ndani, birika lake mapajani.

"Nani amekualika?"

"Nani mwingine atawaonyesha? Ninyi mkiona kunguru mtamkamata."

Nyabasiri ni kisiwa cha mawe. Mbele kuna vibanda vya dagaa. Nyuma hakuendi mtu. Walikwea mawe, wakashuka upande wa pili, jua likiwa linaelekea magharibi. Mbaruku ndiye aliyesimama kwanza. Akamshika Mashimba mkono.

Chini yao palikuwa na kijihori chembamba cha maji. Ndege weupe wadogo walikuwa wakizunguka na kupiga kelele. Mbali nao, juu ya jiwe lake peke yake, alikaa shakwe mmoja wa rangi ya moshi, kola nyeupe shingoni. Alikuwa ameelekea mashariki.

"Ni yeye," mzee alinong'ona. Akakaa chini palepale. Hata walipomwambia wanashuka hakugeuka.

Mluzi ulisikika. Yule ndege akaruka.

Mtu alikuwa amechuchumaa ukingoni, kisu mkononi, sangara mkubwa amepasuliwa mbele yake. Nyuma yake mtumbwi mdogo ulikuwa umefunikwa kwa nyasi, na kati ya nyasi ilitokeza injini.

"Zadok," alisema Mashimba.

Hakukimbia. Aliwatazama, akatazama mawe nyuma yao kuona kama kuna wengine. "Kiwanda kimewatuma?"

"Nimetumwa na injini. Anayeninyima usingizi ni mke wako."

Kisu kilitua polepole juu ya samaki. "Hajambo?"

"Anakungoja."

"Na mtoto?"

"Anakula mifupa, kama wengine."

Zadok alicheka bila furaha. "Basi unajua. Nimewapelekea samaki tangu walipofungua milango. Wanawapima wao, mizani yao, kalamu yao. Nikiuliza naambiwa kuna wengine mia langoni wanataka kazi. Baba yangu alivua ziwa hili akala alichovua, na hakuomba ruhusa. Injini nimechukua, sikatai. Nilitaka nivue samaki mmoja ambaye ni wangu."

"Hayo utamwambia hakimu. Mimi nakuuliza la Akelo. Ulimwacha akuomboleze?"

"Hapana!" Zadok alisimama. "Nilimwambia Okech, nenda kwake siku ileile, faragha, mwambie niko salama. Asiseme kwa mtu, anivumilie, nikipata pa kukaa upande wa Mara nitawachukua wote wawili. Hakumwambia?"

"Okech amechuma yago."

Zadok hakuelewa. Ilionekana usoni kwamba maneno yamefika lakini hayajapata pa kukaa.

"Kesho asubuhi wanakuzika," alisema Mashimba. "Kaburi limeshachimbwa. Yeye ndiye mrithi, ndiye aliyewahimiza wazee."

Maji yaligonga mawe. Zadok alikaa tena chini, si kwa kuchuchumaa, alikaa kama mzigo.

"Ni ndugu yangu," alisema.

"Sikiliza. Sina bunduki. Nina koplo mmoja na pingu, na kisiwa hiki unakijua kuliko mimi. Ukikimbia sikupati leo. Kesho utakuwa marehemu, na marehemu hashtakiwi. Jalada langu litafungwa, injini itabaki kwako. Ukija nami, utalala rumande, na meneja atahakikisha hutoki upesi. Nakwambia hivi kwa sababu mke wako aliniomba neno moja, na sijui nimpelekee lipi."

Selina alimtazama Sajini wake kama anamwona upya. Mashimba alikuwa akitazama ziwa.

Zadok aliinama, akaosha damu ya samaki mikononi, kidole kwa kidole. Kisha akavuta nyasi kutoka juu ya injini.

"Mtumbwi wa dagaa hautawahi," alisema. "Tutumie hii."

Akanyoosha mikono ifungwe pingu, akakumbuka. "Nifunge tukifika. Sasa nani ataendesha?"

Walingoja mwanga wa kwanza, maana mawe ya Nyabasiri hayapitiki gizani. Mzee Mbaruku alikataa kuondoka. Alisema atarudi na akina mama wa dagaa, au kesho yake. Walivuka ziwa likiwa limelala.

Boma lilikuwa limejaa. Tunda la yago lilikuwa juu ya mkeka, limevikwa shuka jeupe, na wanawake walikuwa wameanza kulia. Okech alisimama ukingoni mwa shimo pamoja na wazee, koleo mkononi.

Zadok alisimama langoni, mikono sasa ikiwa na pingu. Hakuvuka.

"Baba," alimwita mzee wa ukoo kwa sauti iliyokauka. "Mmeshafukia?"

Kilio kilikatika. Wanawake wawili walikimbilia nyuma ya nyumba. Mzee wa ukoo alikuja karibu hatua chache, akamwangalia kuanzia chini mpaka juu, akanyoosha fimbo akamgusa bega.

"Bado," alisema. "Pita."

Zadok akavuka lango. Okech alikuwa ameliachia koleo. Hakukimbia, alikaa juu ya udongo aliouchimbua, akaweka kichwa magotini, na Selina akaenda kusimama nyuma yake.

Akelo alitoka ndani akiwa na kamba ya kilio kiunoni. Alimwendea mume wake mpaka akawa karibu kumgusa, na hakumgusa.

"Nilimtuma Okech akuambie," alisema Zadok.

"Mimi sikuolewa na Okech."

Zadok aliinamisha kichwa. Akelo alifungua ile kamba, akaiangusha chini, akainua mkono akampangusa mumewe tope la shavuni, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto aliyekosa. Kisha akamgeukia Mashimba.

"Unamchukua?"

"Ndiyo, mama."

"Mtamweka wapi?"

"Kituoni kwanza. Akihukumiwa, gereza la Butimba."

"Kwa muda gani?"

"Hilo analijua hakimu."

Akelo alitazama upande wa kusini, juu ya mapaa ya Nyasenga, kama anapima njia.

"Butimba napajua," alisema. "Kwa miguu nafika."